Chombo Nilichokipa Jina la Baba

Wazee wa kikundi, na nyinyi akina mama mlioketi huko nyuma, nawasalimu. Mwenyekiti ameniambia niongee kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mtu aliyejijenga mwenyewe ana mengi ya kusema, kwa hivyo mnivumilie.

Mnanijua. Shule niliachia darasa la nne. Nilianza kwa kuuza misumari kwa mkebe hapa Mwiki, leo nina maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, moja Ruiru na lingine Thika. Hakuna mtu alinishika mkono. Kwa hivyo nikisema nilianguka, msifikirie ni pombe. Wanawake pia hapana. Mimi niliangushwa na kompyuta.

Chekeni tu, ndugu zangu. Hata mimi ningecheka.

Mwalimu mmoja wa chuo anayeishi Kahawa Sukari aliniuzia kompyuta yake kuukuu, niwe naandikia risiti. Risiti hakuna hata moja niliandika, kwa sababu ndani kulikuwa na mchezo. Unapewa anga lote na nyota maelfu, halafu unachagua chombo cha kusafiria. Kazi yako ni kufika mahali hakuna mtu amewahi kufika, uandike ulichokiona, urudi salama. Ukirudi, nyota ile inapewa jina lako. Ukifia njiani, yote uliyoona yamepotea.

Mara ya kwanza nilichagua kama mtu wa lori, nikachukua chombo kikubwa. Kugeuka kilikuwa kama trela kwenye matope ya shamba la kahawa. Nikajifunza mwenyewe kwamba wa kutafuta njia anataka chombo kidogo. Unatoa bunduki, unatoa mizigo, unabaki na tanki na darubini. Mafuta yakipungua unalikaribia jua lenyewe na kuchota moto wake pembeni pembeni, kama unavyochota uji unaochemka. Ukizidisha, unaungua. Yule mwalimu na digrii zake mbili alijaribu mbele yangu akaungua mara tatu. Mimi wa darasa la nne nilikuwa nachota kama maji ya mfereji.

Chombo kinatakiwa kiwe na jina. Hapo ndipo nilikosea.

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume, na tunasema huyo mtu amemzaa baba yake. Ndugu zangu wadogo wote walikuwa wamemzaa mzee. Mimi kifungua mimba, Mungu alinipa wasichana watatu, na kwenye mikutano ya familia nilikuwa naona vile wananiangalia. Basi siku hiyo nikabonyeza herufi moja moja, nikakipa chombo jina la mzee wangu. Nikajiambia, haya, na mimi nimemzaa.

Na mzee mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa kwake Gatuanyaga, akiningoja nimpeleke kwa daktari wa macho. Ukungu ulikuwa umeingia macho yote mawili. Alikuwa amekataa kupelekwa na mwingine. Alisema, "Kifungua mimba wangu ana gari, atakuja." Nilisema wiki ijayo. Nikasema tena wiki ijayo. Nawaambia ukweli, miezi minane nilikuwa na gari, na mafuta, na nafasi, na sikwenda. Nilikuwa nimefika mbali sana angani, sikutaka kurudi bure.

Siku moja mchana niko ofisini nyuma ya duka la Ruiru, ndiyo nageuza chombo kurudi nyumbani na nyota nyingi nilizoandika. Nikakaribia jua moja kuchota moto. Simu ikalia, nikaangalia pembeni kidogo tu. Kugeuka, skrini nyekundu. Nikashika kichwa, nikataja jina la mzee lote kwa sauti, nikasema, "Ngai! Amekufa! Ameungua na moto, na ni mimi nimemuua!"

Mama anayeniuzia pale kaunta alisikia. Akachungulia, akaniona machozi yananitoka. Machozi ya kweli, ndugu zangu. Pale kaunta kulikuwa na mteja wa Gatuanyaga aliyekuja kununua mabati. Mama wa watu akamwambia, "Wacha mabati, kimbia nyumbani, mzee wenu ameungua."

Saa kumi jioni ndugu zangu wawili waliingia ofisini. Walinikuta nachagua chombo kipya.

"Umekaa hapa?" mdogo wangu akauliza.

"Nikae wapi?"

"Watu wamejaa kwa mzee. Wamekuja na majani chai na sukari, wanawake wanalia. Mzee ametoka nje akishika ukuta, akauliza, 'Nani amekufa?' Mtu akamjibu, 'Ni wewe.'"

Hakuna aliyecheka. Kwetu kumlilia mtu aliye hai si mzaha.

Nikawaonyesha mchezo, wakaenda kumweleza mzee. Baada ya wiki mbili mzee akaja Ruiru mwenyewe, ameshikwa mkono na mdogo wangu. Akaingia ofisini na fimbo yake, akakaa kwenye kiti changu.

"Nionyeshe mahali nilipofia."

Nikawasha. Nikamwonyesha nyota na njia niliyopita. Akasogeza uso karibu na kioo mpaka pua ikagusa.

"Mimi naona giza tu," akasema.

"Ni giza, baba."

"Huko kuna watu?"

"Hakuna."

"Jina langu ulikosa mtu wa kumpatia, ukalipeleka mahali hakuna watu. Na hawa wasichana wako watatu, kwani wao ni nini?"

Ndugu zangu, nimegombana na madalali, nimegombana na askari wa kaunsili, wote nimewashinda kwa mdomo.  Siku hiyo nilichomoa waya, nikamuinua mzee, nikampeleka kwa daktari saa hiyo hiyo. Kompyuta nilimpa mtu, nikamwambia asiniambie ameipeleka wapi.

Daktari aliokoa jicho moja. La kushoto lilibaki gizani, alisema tungekuja mapema.

Huu ni mwaka wa tatu. Nimemjengea mzee nyumba ya mawe, ina tanki la maji, hakuna nyingine kama hiyo Gatuanyaga, muulizeni yeyote. Huniita kwa jina, hunipa chai. Lakini nikifika hunionyesha kiti kilicho upande wake wa kushoto. Wageni wengine wote huwaketisha kulia.

Namshukuru mdogo wangu, aliyemleta badala ya kunilaani. Namshukuru mama wa kaunta. Watu waliniambia nimfukuze, nikakataa, kwa sababu yeye alisikia vizuri nilichosema. Nawashukuru nyinyi kwa kunisikiliza. Na kama kuna mtu anakungoja mahali, inuka sasa hivi, hata kama mimi bado naongea, uende ukamchukue.

Jumapili nitaenda na wasichana wangu. Wao watakaa kulia, awaone. Mimi kiti changu nakijua.