Masahihisho ya Dakika Nne

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa tatu asubuhi, katika nyumba namba 6 ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1980, ambako wenzake walimbandika jina la Bi Rudia kwa kuwa hakukabidhi karatasi ya hesabu kabla ya kuipitia mara tatu, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya fizikia.

Tarehe 2 Septemba 1987 aliajiriwa katika kituo cha darubini, akapewa meza karibu na dirisha lisilofungika vizuri, akaitumia miaka thelathini na minne. Kazi yake aliwaeleza wazazi hivi: katikati ya baadhi ya galaksi kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua, linalomeza gesi kwa pupa, na karibu yake hurushwa miale ya gamma, ambayo ikigonga hewa ya juu ya dunia hutoa mmweko hafifu wa samawati, na yeye alilipwa kuhesabu mimweko hiyo.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na fundi lifti, mawifi wakamtania kaka yao kwamba ameoa mlinzi wa usiku mwenye shahada, naye akawajibu kwamba walau lindo la mke wake halijawahi kuibiwa. Walijaliwa binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 2008, mimweko kutoka galaksi moja aliyoifuatilia iliongezeka maradufu ndani ya dakika nne. Dakika hizo ndizo zilizomjengea jina, kwa sababu kitu hakiwezi kubadilika upesi kuliko mwanga unavyoweza kukivuka, kwa hiyo miale ilitoka mahali padogo, mlangoni kabisa mwa shimo. Mwanafunzi wake wa kwanza aliandika tasnifu juu ya dakika hizo, na leo anaongoza idara.

Tarehe 3 Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 21 Machi, akipanga makaratasi ya ofisini kwenye zulia la chumbani, alikuta fomu ya hali ya anga ya tarehe 8 Aprili 2008. Mafundi wa zamu huandika tarehe ya jioni waliyoanza kazi, kompyuta huandika tarehe ya alfajiri, na yeye alikuwa amevuta fomu ya tarehe 9, iliyosema anga ni safi, ilhali fomu ya usiku wake ilikuwa hii, nayo ilisema: wingu jembamba, linaondoka. Wingu likiondoka, mimweko huonekana kuongezeka, hata kama kule mbali hakuna kilichobadilika.

Mumewe alimkuta saa nane mchana bado ameketi pale, akadhani maumivu yamezidi. Kwa siku nne alishika simu na kuiweka, akimuuliza binti yake mtu anaanzaje kumwambia mwenzake kwamba nyumba aliyojenga huenda haina msingi. Siku ya tano alipiga. Mwanafunzi alisema kwamba Mwalimu asimwambie mtu yeyote, anakuja mwenyewe, na familia haikujua kama anakuja kuhesabu au kuzima jambo.

Tarehe 12 Aprili mwanafunzi alifika wodini alikolazwa marehemu, akaweka kompyuta kwenye meza ya chakula ya mgonjwa, akaanza kuhesabu. Marehemu alikuwa akizinduka katika usingizi wa dawa na kuuliza imefika wapi, akijibiwa bado, akiuliza tena. Tarehe 6 Mei jibu lilipatikana: ongezeko lilikuwa la kweli, lakini lilichukua dakika thelathini na moja, si nne, hivyo hoja ya mlangoni imeanguka, na tasnifu pamoja nayo. Marehemu alitia saini masahihisho, mwanafunzi akatia yake chini, bila kuombwa, yakatumwa siku hiyohiyo kwa jarida la sayansi lililochapisha ugunduzi ule. Ndipo marehemu alipoagiza kwamba historia hii isisomwe bila kosa hilo, na lisomwe wenzake wa kazini wakiwapo.

Jumatano jioni aliuliza kama jarida limejibu, akaambiwa bado. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha mume na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba 4, walioivumilia ile kompyuta, majirani waliopokezana kukaa naye mchana, na wafanyakazi wenzake wa kituo, waliofukua kumbukumbu za miaka kumi na mitano bila kulalamika.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, jarida liliandika kwamba masahihisho yamekubaliwa.