Orrin Mabry Anatundika Funguo, na Mgongo wa Nyumbu Bado Haujachomwa

Salamu kwako Orrin, na kwa Lucille mkeo, na kwa mama mkwe wako Bibi Agnes anayeshona bila miwani akiwa na miaka tisini na moja, na kwa binti yenu Corliss na mapacha wake, na kwa yule mbwa wenu kiziwi. Sisi huku kituoni tu wazima. Maite anakusalimu, vijana wa zamu wanakusalimu, na binti yangu Tess kule chini ya mlima wa Mgongo wa Nyumbu anakusalimu sana, anasema kuni ameshazihamisha.

Wanaosoma wajue: Orrin Mabry ametumikia kituo cha zimamoto cha Cedro Alto miaka thelathini na minne, na anastaafu tarehe thelathini Juni, saa kumi na moja jioni atakapotundika funguo za kituo ukutani. Wameniambia niandike mimi, Nadine, mpishi wa kituo, kwa kuwa nimemlisha miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo makosa ya kuandika mtanisamehe. Hasira yangu sitaiombea msamaha.

Alianza kwa kushika mpira wa maji. Kiangazi kimoja aliona nyumba kumi na moja za Mtaa wa Kinu zikiisha mbele ya macho yake, maji yapo na hayafai kitu. Akasema ukifika na maji umeshachelewa. Tangu hapo kazi yake ni kuzuia. Mvua za kwanza zikidondoka Oktoba, anapanda mlimani na watu wake kuchoma vichaka taratibu, kipande kwa kipande, ili moto mkubwa ukija ukose chakula. Dawa ya moto ni moto.

Kabla ya kuwasha huokota jani kavu la msonobari, lile refu jembamba, akalikunja karibu na sikio. Likipinda vizuri kabla ya kukatika, wanawasha. Likikatika papo hapo kwa mlio, mlima umekauka mno, na wote wanarudi kuja kunimalizia maharage. Miaka yote hiyo moto wake ulivuka mpaka wa kipande mara moja tu, ukala choo cha mbao cha Bwana Pruitt. Pruitt mpaka leo anaapa kwamba hajapata choo kingine kama kile.

Na ukaguzi wake wa nyumba! Alikuja kwangu mwaka nilipopanga kuni za baridi chini ya baraza, kama tunavyofanya sote huku, zisilowe. Akasimama na reki yake. "Mama Tess, umepanga jiko chini ya kitanda, umebakiza kiberiti tu." Nikamwambia, "Na wewe umebakiza kupiga hodi." Akacheka, akazibeba zote mwenyewe hadi kwenye ua, akaondoka bila hata kunywa kahawa.

Miaka mitatu iliyopita, muswada wa jimbo wa kuzuia moto wa misituni ulikuwa umelala kwenye kamati. Orrin akavaa koti lake la harusi, akaendesha gari mwendo wa saa nne hadi mji mkuu wa jimbo. Walimpa dakika mbili. Dakika ya kwanza hakusema neno. Alitoa mfukoni majani ya msonobari ya Mgongo wa Nyumbu, akayavunja moja moja mbele ya maiki. Ka! Ka! Kisha akasema, "Waheshimiwa, huo mnaousikia ndio mlima ulio juu ya nyumba arobaini, na barabara ya kutokea ni moja." Muswada ukapita. Nilioka pai saba za tufaha siku hiyo.

Kumbe ndani ya sheria hiyo wakubwa wa jimbo walichomeka mistari yao. Hakuna kuchoma bila kiongozi mwenye cheti cha jimbo, na kiongozi akiondoka bila mwingine mwenye cheti, mpango wote unafungwa siku hiyo hiyo. Cheti anacho Orrin peke yake. Maite Etcheverry, aliyemfuata mlimani miaka tisa, alifaulu mtihani Februari. Mpaka leo cheti chake hakijatiwa sahihi. Nilikuwa jikoni alipopiga simu ofisi ya jimbo. "Dada, faili lako liko mezani," wakamwambia. "Meza gani?" Hawakujua. Maite akasema, "Basi lisogezeni dirishani, angalau lione moshi ukija."

Orrin aliomba abaki hata bila mshahara mpaka Maite apate cheti. Hilo wakalijibu siku ile ile: haiwezekani, umri umefika. Kukataa wanajua kuandika haraka! Sheria ya kuzuia moto inamzuia mtu anayezuia moto, na hakuna anayeona aibu?

Kipande cha kuchomwa Oktoba hii ndicho kilicho juu ya nyumba ya Tess. Ana mtoto wa wiki tatu. Upepo wa mashariki ukivuma nampigia simu hata kama sina la kusema.

Orrin, asante. Asante kwa kila nyumba iliyosimama ambayo mwenyewe hajui kwa nini imesimama. Nenda kavue samaki, upumzishe magoti, umsikilize Lucille. Tunakuombea siku ndefu zenye hewa safi.

Na wewe Mheshimiwa wa jimbo letu, utakayeketi meza ya mbele Jumamosi kwenye chakula cha kumuaga Orrin, na karatasi hii mkononi: chini ya sahani yako nimeweka jani moja la msonobari, nimeliokota wiki hii nyuma ya nyumba ya binti yangu. Likunje mwenyewe karibu na sikio. Ukishalisikia, tuletee jibu la Maite upesi, kabla ya tarehe thelathini saa kumi na moja jioni. Orrin hajawahi kuchelewa kutundika funguo.