Dakika Nne za Mama Ratiba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, ila sikio nipe mimi.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa haamini hata kivuli chake. Na niseme mapema: mimi pia sikumwamini. Nilimsema kwenye kipindi hiki hiki, mbele ya kipaza sauti hiki hiki, na nikacheka. Kwa hiyo msinisikilize leo kama mtu aliyekaa pembeni.

Kazini walimwita Mama Ratiba. Alikuwa mpangaji wa ratiba katika shirika la mabasi ya jiji kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja, chumba kimoja, dirisha moja linalotazama uwanja wa mabasi. Yeye ndiye aliyeamua basi gani litoke saa ngapi, lisimame wapi na kwa muda gani. Alistaafu miaka mitano iliyopita. Jumanne ya wiki jana, asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa nyumbani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Binti yake amenisimulia mengi. Anasema mama alipotoka ofisini hata kwa dakika mbili, aliacha sweta kwenye kiti ili watu wadhani yuko karibu. Droo alifunga kwa ufunguo, kisha akabandika uzi mwembamba kwenye ukingo. Uzi ukikatika, anajua kuna mkono wa mtu.

"Hata nyumbani," binti aliniambia, "ukisogeza sahani kabatini, jioni unaulizwa ulikuwa unatafuta nini."

Mtu hazaliwi hivyo. Kuna jambo lilimfika.

Katika mwaka wake wa saba kazini, basi la njia namba kumi na nne lilishindwa kusimama kwenye mteremko. Njia hiyo inashuka kilima mara mbili. Unashuka kwanza, unafika mahali tambarare penye kiwanda cha chaki, halafu unashuka tena, mteremko mkali zaidi. Breki za basi lile ziliungua kwenye mteremko wa pili. Dereva alilipeleka kwenye lundo la mchanga, likazama hapo. Hakuna aliyeumia. Mkuu wa shirika wa wakati huo akawaambia waandishi wa habari kwamba dereva alizembea.

Mama Ratiba hakuridhika. Alimchukua fundi mmoja wa breki, akachukua na saa yake ya mkononi, wakashuka kilima kile mara sita kwenye basi lililojazwa mifuko ya mchanga. Walichogundua ni hiki. Basi likisimama pale kiwanda cha chaki dakika nne, injini ikiwa inanguruma, breki zinapoa na upepo wa breki unajaa tena. Dakika nne. Lisiposimama, mteremko wa pili ni bahati nasibu.

Akaweka dakika nne kwenye ratiba. Akaandika barua ya kurasa mbili kueleza sababu, fundi akatia sahihi yake chini. Barua ikaenda kwa mkuu. Dakika nne zikabaki. Barua haikuonekana tena.

Ilikwenda wapi? Sina ushahidi. Lakini barua ile ilionyesha kwamba dereva hakuzembea, na mkuu alikuwa ameshasema amezembea. Mimi nanusa tu, wasikilizaji. Mama Ratiba hakunusa, yeye aliamini kabisa. "Barua yangu wameila," alimwambia binti yake. Tangu siku hiyo hakumpa mtu yeyote ofisini maelezo ya jambo lolote.

Miaka ikapita. Fundi yule akafariki. Ofisi ikahama jengo mara mbili. Madereva wakaja, madereva wakaondoka. Wote walisimama dakika nne pale kiwanda cha chaki, na wote walidhani ni mapumziko. Aliyejua sababu alikuwa mtu mmoja.

Sasa hapa panaanza utata. Mdogo wake Mama Ratiba alifungua kibanda cha chai. Wapi? Hapo hapo kiwanda cha chaki.

Nilimuuliza juzi, msibani. Mama yule muuza chai alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi nilifuata abiria," alisema. "Watu wamekaa dakika nne hawana la kufanya, nisiuze chai? Dada alinikataza mwaka mzima. Alisema, watasema. Sikumsikia. Na kweli, mlisema."

Tulisema. Miaka saba iliyopita shirika lilileta mtambo mpya wa kupanga ratiba kwa kompyuta. Akaja pia afisa mipango mpya, mtu makini, wa maneno machache. Akaona dakika nne zisizo na maelezo. Basi limesimama, injini inanguruma, mafuta yanaungua, na kibanda cha jirani ni cha mdogo wake mpangaji. Wewe ungefikiri nini?

Afisa alikwenda kumuuliza. Mazungumzo yao amenisimulia mwenyewe.

"Mama, hizi dakika nne ni za nini?"

"Nani amekutuma uulize?"

"Hakuna aliyenituma. Ni kazi yangu."

"Niliandika barua. Itafute."

Akaitafuta wiki nzima, hadi kwenye stoo yenye mafaili yaliyoliwa na mchwa. Akarudi. "Hakuna barua, mama."

"Basi mmeitoa."

Afisa anasema alitoka mle chumbani akiwa na hakika kwamba anafichwa kitu. Mama Ratiba naye alibaki na hakika kwamba anatafutiwa sababu ya kufukuzwa. Wote wawili walikuwa watu waaminifu. Na hakuna aliyemwamini mwenzake hata chembe.

Halafu nikaingia mimi. Msikilizaji mmoja alituandikia kulalamika kuhusu kituo kile, na mimi sikumpigia simu mtu yeyote kuuliza. Nilifungua kipaza sauti nikasema jiji zima linacheleweshwa ili dada wa mtu auze chai. Nikaziita dakika nne za chai. Watu walicheka wiki mbili.

Binti yake alikuwepo jikoni siku ile. Anasema mama alizima redio, akaosha kikombe kimoja hicho hicho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sasa hata nikisema ukweli, wataona najitetea."

Hakusema. Dakika nne zikafutwa siku ya Jumatatu.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, saa nane mchana, basi la njia namba kumi na nne lilikosa breki kwenye mteremko wa pili. Lilikuwa na abiria thelathini na wanane. Dereva alilibana kwenye ukuta wa kiwanda cha mbao, likasugua ukuta ule mpaka likasimama. Watu kumi na tisa waliumia. Dereva alivunjika mguu sehemu mbili. Hakuna aliyekufa. Narudia: hakuna aliyekufa.

Kesho yake Mama Ratiba alikwenda hospitali peke yake. Alimkuta dereva amening'inizwa mguu. Akavuta kiti, akamweleza yote. Kilima, fundi, mifuko ya mchanga, breki.

Dereva akamuuliza, "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa vibaya."

Dereva alimgeukia. Kisha akasema, "Mama, mimi sikukuuliza vibaya. Sikukuuliza kabisa. Ungeniambia mimi tu."

Maneno haya nimeyapata kwa dereva mwenyewe. Anasema Mama Ratiba hakulia. Alimwekea maji kwenye glasi, akaondoka.

Jumatatu aliingia kwa afisa mipango bila kubisha hodi. Alisema, "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Chukua daftari, twende."

Dakika nne zikarudishwa, na kwa miezi minane walipanda mabasi ya njia zote arobaini na mbili. Alimshusha afisa wa watu kwenye jua, kwenye matope, akamwonyesha. Kituo hiki kilisogezwa hatua ishirini kwa sababu geti la shule linafungukia barabarani. Njia namba tisa haikati kushoto wakati wa mvua kwa sababu mfuniko wa mtaro unacheza. Basi la kwanza la alfajiri linaonekana tupu, lakini msilifute, kituo cha tatu wanapanda wapishi wa hospitali, na wakichelewa wao, wagonjwa wanachelewa kula.

Je, alikuwa amebadilika? Hata kidogo. Kila ukurasa ulioandikwa ulitiwa sahihi na wote wawili. Kurasa mia mbili na kumi. Nakala zilikuwa tatu: moja ofisini, moja chumba cha madereva, moja nyumbani kwake.

"Na bado hakuniamini," afisa alinisimulia, huku akitabasamu kidogo. "Alinipiga picha nikiwa nimeshika kila nakala. Siku ya mwisho tulipeana mikono. Akahesabu vidole vyake."

Mimi nilikwenda kwake miaka mitatu iliyopita kumwomba radhi. Alifungua mlango nusu.

"Wewe ndiye wa chai?"

"Ndiye mimi, mama."

"Simu yako iache nje."

Niliiacha juu ya kiti cha varandani. Niliingia, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siku ile ulisema mbele ya watu wangapi?"

Nikasema, wengi.

"Basi na haya nenda kawaambie hao hao."

Niliahidi. Sikufanya. Niliona aibu. Nikasema wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Binti yake ananiambia kwamba tangu siku ile mama alikuwa anawasha redio kila kipindi chetu kinapoanza. Anasikiliza dakika chache, anazima. Miaka mitatu.

Wasikilizaji wapendwa, nasema leo, nimechelewa. Dakika nne hazikuwa za chai. Zilikuwa za breki. Mama Ratiba hakuiba muda wa mtu. Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa.

Jana nilikwenda shirika la mabasi nikaomba kuiona ile nakala ya ofisini. Niliambiwa ipo kabatini. Ufunguo anao meneja. Meneja yuko likizo. Nilipouliza ni kabati lipi, waliangaliana. Sisemi imepotea. Nasema sijaiona, na nitarudi. Nakala ya madereva nimeiona kwa macho yangu. Imechakaa pembeni na ina alama za vidole vyenye grisi. Inasomwa.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa dereva yule aliyekuja msibani na fimbo yake akasimama mstari wa mbele, kwa afisa mipango na madereva wote: poleni sana. Mungu awape subira, naye ampumzishe mama yetu mahali pema.

Na kwako unayenisikiliza. Kesho ukifika kazini, kuna mtu pale anafanya jambo msilolielewa, na mmeshampa jina. Kabla hujamcheka, kaa naye, muulize vizuri kwa nini.

Na wewe unayeulizwa, najua walikuumiza. Hata hivyo, jibu.