Bernadine Pavlicek na Mstari Uliotushinda Kuandika

Ndugu waombolezaji, mimi ni Alvin Janak, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii ikijua kabisa kwamba kuna mstari mmoja ambao mpaka asubuhi hii sikujua niusomeje.

Dada yetu Bernadine alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Praskova, Texas, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Janak, mkulima wa pamba, akasoma shule ya mji wetu, ambako mwaka 1966 aliingia kikosi cha washangiliaji, wale wanaoruka na kupandiana mabegani pembeni mwa uwanja timu ya mpira inapocheza, akiwa wa kusimama chini na kubeba wenzake mabegani, nami nilipokuja kucheza mpira wa helmeti na kupewa koti la wanamichezo, nilimcheka kwamba mchezo wake ni kutikisa manyoya ya karatasi, Mungu anisamehe.

Alifundisha hesabu shuleni hapo tangu 1974 hadi 2013, huku akikinoa kikosi hicho, akafunga ndoa na marehemu Ernest Pavlicek tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti mmoja, Kristi, huyu mnayemwona mbele.

Tarehe 6 Septemba 1994, Kristi, naye akiwa kikosini, alianguka mazoezini kutoka mikononi mwa wenzake, akavunjika mkono na mtulinga, akalala sakafuni dakika arobaini, kwa sababu tabibu wa shule alikuwa wa wanamichezo tu, na washangiliaji hawakuhesabiwa. Dada aliiandikia bodi ya shule kwamba huu ni mchezo kama michezo mingine, wakamkatalia. Mwaka 2011 bodi ilipokubali hatimaye, ikitaka kikosi kiwe na mashindano yake na kiache kusimama uwanjani siku za Ijumaa, timu ya mpira inapocheza, aliandika tena, safari hii akikataa.

Nilimuuliza, "We Bernadine, umekuwa kinyonga? Ni mchezo au si mchezo?"

Akanijibu, "Alvin, kula maandazi yako ya kolache. Mimi niliomba tabibu, sikuomba kuhamishwa."

Sikuelewa, na barua zote mbili ninazo hapa mfukoni.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Novemba 2023, akafariki nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Oktoba 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulisha wiki nzima, na walimu wenzake.

Sasa mstari wenyewe ndio huu: mwalimu mkuu ameomba tumjibu kabla ya maziko, kama jina la dada liandikwe kwenye ukuta wa shule wa kuwaenzi wanamichezo. Kristi anataka, wengine wanasema yeye mwenyewe alikataa, na mimi, niliyebaki mkubwa wa familia, nilikuwa njia panda. Asubuhi hii niliwapanga wanaume sita, wote wachezaji wenzangu wa zamani, tulitoe jeneza garini, na kwenye ngazi ya pili ya kuingilia humu likatuelemea, likaanza kulala upande. Wakaja wanawake wanane aliowanoa kikosini, na mmoja wao, mwenye wajukuu, akanisukuma kwa bega.

"Anko Alvin, toa mikono, mtamwangusha!"

Wakahesabu, wakamnyanyua, wakampandisha ngazi zote bila jeneza kutikisika, nasi wanaume tukafuata nyuma tukihema.

Mwalimu mkuu, barua za dada bado zinanichanganya, lakini liandike jina. Na watakaompeleka kaburini ni hao hao wanane.

Pumzika kwa amani, dada yangu, umeshikwa vizuri.