Hongera Iliyosubiri Mizani: Tunamuaga Sista Bertha Singano

Miaka thelathini na minne kamili! Tarehe 14 Agosti 2025, siku atakayotimiza umri wa miaka sitini, Sista Bertha Methusela Singano, Muuguzi Mkunga wa Zahanati ya Mkokoni, atastaafu rasmi. Kamati ya sherehe imenipa nafasi hii ya kuandika wasifu wake na kuusoma mbele yenu, na imeniasa niandike kwa utulivu. Nitajitahidi, ingawa tangu jana kalamu yenyewe haitulii.

Sista Bertha alizaliwa Lushoto, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri. Alipomaliza masomo ya uuguzi na ukunga alipangiwa pwani, akashuka kwenye basi la Horohoro Agosti 1991 akiwa na sanduku moja, mwavuli, na sweta zito ambalo hajalivaa tena hadi leo. Mwaka wa kwanza alikuwa akimkimbia pweza hata akiwa ndani ya sufuria. Siku hizi ukichelewa mezani utakuta amekuachia mchuzi tu.

Alikuja na moto wa ujana na mdomo usio na breki, na kilichomponza ni mdomo. Lazima nikieleze kisa hiki, maana ndicho kilichozaa kila jema tunalomsifia leo. Aliyekosewa ni mama yangu mzazi, Mwamvua, na mtoto aliyehusika ni mimi. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimemwekea mtego mwishoni. Mama amenipa ruhusa.

Ilikuwa mwaka 1993. Mama alifika zahanati kwa sababu ya kichefuchefu, akapimwa, akaambiwa ana mimba ya wiki saba. Siku ya pili yake Sista Bertha alimkuta sokoni, mbele ya wauza samaki na nusu ya ukoo wa mume, akampungia mkono na kumpa hongera ya mimba kwa sauti ya kwaya. Alikotoka yeye, furaha haifichwi. Huku kwetu mimba changa haitangazwi. Huambiwa mama mzazi, huambiwa mume, basi, mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, kwa kuogopa kijicho. Mama alifunika uso kwa kanga, akaacha samaki wake pale pale, akarudi nyumbani.

Hakukanyaga tena zahanati. Na si yeye tu. Kwa miezi kadhaa wanawake walikatiza mbali na mlango wa zahanati, wakisema yule Sista wa milimani ana redio tumboni. Mama akakaa na mimba ile bila vidonge vya kuongeza damu, bila kupimwa, akila udongo kwa hamu na kunywa chai ya rangi juu ya kila mlo. Malaria ikampiga mara mbili. Nilizaliwa nyumbani, na siku ya nne, nilipopimwa kwa mara ya kwanza, nilikuwa na kilo moja na gramu mia nane.

Nilipimwa vipi, ikiwa mama hakutaka kumwona? Sista Bertha alisikia habari, akabeba mizani begani akatembea hadi kwetu. Bibi yangu, Bi Khadija, alimfungia mlango. Akarudi kesho yake, akafungiwa. Siku ya tatu akafungiwa tena, akaketi barazani na mizani yake mpaka adhuhuri. Siku ya nne nilikuwa nimeacha kunyonya, na Bibi akafungua. Sista hakujitetea. Alimwonyesha mama namna ya kunilaza kifuani ngozi kwa ngozi, namna ya kukamua maziwa na kuninywesha kwa kikombe kidogo, na alikuja kila siku mpaka arobaini yangu ikatimia.

Hapo ndipo alipoomba radhi. Bibi yangu, ambaye ulimi wake haukopeshi, alimjibu neno ambalo Sista ameliandika ndani ya jalada la daftari lake la kazi: "Wewe wataka tuje mapema, nasi twataka kuficha. Basi tufichie!"

Wengi wangenung'unika kuhusu mila. Sista Bertha alikwenda kubuni mtambo wa kuficha. Ukutani pa zahanati palikuwa na kibao cha methali aliyokuwa akiipenda, Mficha uchi hazai. Alikitoa mwenyewe kwa nyundo. Kisha akaanzisha Alhamisi ya Mizani, siku ambayo wanawake wote wa Mkokoni wanapimwa uzito na presha, awe bikizee, awe bi harusi, awe muuza maandazi. Kila mmoja anaingia nyuma ya pazia peke yake, na kila mmoja anatoka na bahasha ndogo ya kaki. Mwenye mimba bahasha yake ina vidonge vya kuongeza damu. Asiye na mimba anapewa mbegu za mchicha. Aliyeketi kwenye benchi hana la kujua wala la kusema!

Mtambo huo umewahi kukosea mara moja tu. Bahasha mbili zilibadilishana, na ya vidonge ikamwangukia Bi Khadija. Bibi yangu alivipanda vyote kwenye tuta, akavimwagilia siku tisa, kisha akaja zahanati kulalamika kwamba mbegu za serikali zimeoza. Sista alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile bahasha za vidonge zina nukta ndogo ya kalamu pembeni, na kwa kuwa sasa siri hiyo nimeitoa, itabidi tutafute alama nyingine.

Wageni wanaokuja kujifunza kwetu huuliza kwa nini tunahangaika hivi kwa ajili ya wiki chache. Sista Bertha huwajibu akihesabu kwa vidole. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kujengwa mama akiwa hajajua hata kwamba siku zake zimempita. Damu ya mama ikipungua, mtoto hupata chakula na hewa kwa taabu. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na kumdumaza mtoto, hata kama mama anajiona mzima. Anayesubiri hadi mwezi wa sita ndipo aje kliniki amekwisha kumwacha mwanawe ajenge msingi peke yake. Kisha huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto wa Mwamvua hakudhoofishwa na kijicho cha mtu. Alidhoofishwa na miezi saba bila kliniki, na aliyeifunga njia ya kliniki ni yeye Bertha.

Hebu tuangalie matunda. Alipofika, wajawazito wetu wengi walihudhuria kwa mara ya kwanza mwezi wa tano au wa sita. Sasa walio wengi huja kabla ya miezi mitatu, na mwaka jana watoto waliozaliwa na uzito pungufu Mkokoni walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mchicha umeota mpaka nyuma ya msikiti. Waume wamejifunza kuwaletea wake zao dagaa, kunde na mayai, na chai, inayozuia chakula kuongeza damu, inasubiri saa moja baada ya mlo. Kuhusu udongo, Sista ana pua ya kuunusa ndani ya mkoba uliofungwa zipu. Wiki iliyopita, alipokuwa akikabidhi ofisi, tulikuta kabatini kopo la udongo wote alionyang'anya mwaka huu. Tuliupima kwenye mizani ya watoto: kilo tatu na nusu. Alisema huyo ni mtoto wa afya njema, tumwandikie kadi.

Lakini kuna jambo moja ambalo wafanyakazi wapya huliona na kulishangaa. Sista Bertha humpa hongera kila mtu, kwa harusi, kwa mtihani, hata kwa kununua baiskeli. Kwa mjamzito, hapana. Tangu mwaka ule wa 1993 hajalitamka neno hilo kwa mwanamke yeyote mpaka mtoto awe amezaliwa na kuwekwa kwenye mizani. Hapo ndipo humpigia mama hongera ambayo vijana wa bodaboda huisikia huko kijiweni, wakajua kijiji kimeongezeka. Nilipoajiriwa hapa mwaka 2019, muuguzi mkunga kama yeye, nilimwambia Sista kwamba mama yangu alikwisha kumsamehe zamani. Alinijibu kwamba mama amesamehe, ila yeye mwenyewe bado anadaiwa.

Basi sikilizeni. Alhamisi moja ya mwezi wa Machi nilipanga foleni pamoja na wanawake wengine, kama kawaida, maana hata sisi wafanyakazi tunapimwa. Nilipoingia nyuma ya pazia, Sista alinitazama, akanishusha kope ya chini kuangalia damu, akanipima, akanipa bahasha yenye nukta. Miezi mitano imepita, na hajasema kitu. Ameniwekea yai la kuchemsha kwenye droo yangu kila asubuhi, amenipokonya zamu za usiku bila maelezo, na ninyi wenzangu mlipoanza kutania kwamba sare inanibana kwa sababu ya ugali, aliwaunga mkono kwa uso mkavu! Nimemwona akiuma mdomo. Najua neno lilivyomkaa kooni.

Mtoto wangu anatarajiwa Novemba, na Novemba Sista atakuwa Lushoto, ametafuta upya lile sweta. Hatakuwapo kwenye mizani. Jambo hili limeninyima usingizi kuliko mateke ninayopigwa, na ndiyo maana nimeiomba kamati nafasi ya kuandika, na ndiyo maana kalamu haitulii. Mume wangu amekubali. Mama amesoma ukurasa huu mara mbili, akalia kidogo, kisha akaniambia atavaa kanga mpya na kuketi safu ya mbele.

Sista Bertha, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Zahanati ya Mkokoni, ahsante kwa kila mtoto uliyempa msingi kabla hajawa na jina. Uende salama, miguu yako ipumzike, na milima ikupokee kwa mvua ya kiasi. Tunakutakia maisha marefu yenye pweza wa kutumiwa kwa basi kila mwezi.

Na jambo la mwisho. Mimi Sabra, mtoto wa Mwamvua, yule wa kilo moja na mia nane, nina mimba ya miezi sita, damu yangu imejaa, na mtoto anakua vizuri. Nimelitangaza mwenyewe, mbele ya watu, kwa ridhaa ya mama yangu. Safari hii usingoje mizani, Sista. Mama yupo pale mbele, hajafunika uso. Simama useme hongera, kwa ile sauti ya kwaya.