Sura Inayokuja Yenyewe

Benchi la kwa Waya lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka lake la kuchapa barua na kutoa kopi. Dirisha la duka lilikuwa kubwa na halina pazia, kwa hiyo mtu akikaa pale na kikombe chake cha kahawa, kompyuta nne za Waya humtazama usoni. Kila asubuhi walikuwapo walewale. Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuna jambo asilolijua. Spana, fundi pikipiki, mikono myeusi kwa oili tangu saa moja. Mama Pindo, mshonaji, aliyeitoa cherehani yake barazani ili asipitwe na neno. Na mwisho wa benchi, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na wenzake, Mzee Brashi, mchora mabango. Miezi minane iliyopita alikuwa amemzika binti yake, mtoto wake wa pekee, na hii ilikuwa wiki yake ya kwanza kurudi kijiweni. Ile nafasi watu walimwachia bila kuambizana.

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imekwisha miminwa, na hakuna aliyeinywa. Wote walikuwa wametazama dirishani.

— Waya, alisema Mama Pindo, zile nyasi za kijani za kwenye kompyuta zimekwenda wapi? Mwenzio nilishazizoea.

— Nimeweka toleo jipya jana, alijibu Waya kutoka ndani. Ule mfumo wa bure unaoendesha kompyuta. Wameboresha sura yake. Herufi zinasomeka, rangi haziumizi macho, vile vipicha vya kubofya vimechorwa upya. Hata kikapu cha taka sasa ni kikapu. Zamani wateja walidhani ni ndoo ya maji.

— Na hiyo picha ya nyuma?

— Imekuja yenyewe. Sikuchagua mimi. Ndiyo sura unayopewa kabla hujagusa kitu.

Ilikuwa picha ya ukuta, basi. Ukuta wa rangi isiyo buluu wala kijani, kipande cha dari, na mwanga wa asubuhi ukiingia kutoka kushoto. Hapakuwa na mtu. Kompyuta nne, ukuta uleule mara nne. Ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyelibisha, lakini ulikuwa uzuri wa kumfanya mtu ashushe sauti.

— Wateja wawili wamenikimbia leo, alisema Waya. Mmoja alikuja kuchapa barua ya kuomba kazi. Kaandika mistari mitatu, kanyanyuka. Eti anajihisi amekaa chumbani kwa watu bila kubisha hodi.

— Si nilisema? alidakia Spana. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Nguo zimeingiaje hapa? Nguo ni kazi yangu, usiniharibie biashara.

— Namaanisha hivi, mama. Mtu hakutengenezei kitu akakupa hivihivi. Pikipiki gani uliwahi kupewa bure? Hiyo picha inatutazama. Huko waliko wanatuona tunavyokunywa kahawa.

— Wakuone wewe wapate nini? Oili?

Kamusi alisafisha koo, kama afanyavyo kila anapotaka kikao kiwe kimya.

— Spana, wewe ni mtu wa nati, kaa kwenye nati. Mfumo ule unatengenezwa na watu wa kujitolea. Wako maelfu, kila mmoja kwao, hawajawahi kuonana. Huyu anaweka rangi, yule anaweka herufi. Sasa niambieni: watu maelfu wakichora kitu kimoja gizani, kitatokea chumba cha nani? Hakuna chumba kama hicho duniani. Mchagua jembe si mkulima.

— Hapo umesema nini, mzee wetu? aliuliza Spana.

— Nimesema humo kimeingia kitu ambacho hakuna aliyekichora.

Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

— Basi na mimi niseme nililoliona, mkinicheka mnicheke. Saa mbili, nilipofungua, mwanga huo ulikuwa darini. Sasa umeshuka. Na kwenye ile kompyuta ya nne umeshuka zaidi. Chumba hicho kina asubuhi yake. Kina watu wake, wanaingia na kutoka, ila sisi tunaonyeshwa wakiwa hawapo.

— Mama, nina pikipiki ya mtu ya kujaribu barabarani, alisema Spana. Usinitetemeshe magoti.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho wa benchi. Mzee Brashi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yake yakiwa kwenye ukuta ule.

Rangi ile aliijua. Aliichanganya mwenyewe, zamani, binti yake alipoomba chumba chake kipakwe rangi isiyo ya mtu mwingine. Alichukua buluu iliyobaki kwenye bango la zahanati, akatia kijani cha bango la kinyozi, na tone la njano lililoanguka kwa bahati mbaya. Hakuna duka linaloiuza. Yeye mwenyewe alijaribu tena mara tatu asiipate.

Tena alijua kazi iliyofanyika ndani ya kuta zile. Miaka minne, kila jioni, binti yake alikaa humo akifanya kazi na hao watu asiowahi kuwaona. Kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuipendezesha sura ambayo mfumo huja nayo. Baba, alikuwa akimwambia, watu wengi hawabadilishi kitu. Wanaishi na walichopewa. Basi walichopewa kiwe na huruma. Mzee hakuelewa kompyuta, lakini hilo alilielewa, maana hata bango halichaguliwi na anayepita njia.

Kwa hiyo alipouona ukuta, jambo la kwanza moyoni lilikuwa shukrani. Alimshukuru Mungu kimyakimya kwamba mtoto aliipiga picha mapema na kuituma, na sasa imefika kwa watu. Kisha macho yake yakasogea kulia kwa ule mwanga, yakakutana na kidoa cheupe, kidogo kama ukucha. Shukrani ikaishia hapo.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Kamusi, kwa sababu tu palikuwa kimya mno.

Mzee Brashi akaweka kikombe chini.

— Waya, mwanangu. Picha hiyo ina jina la aliyeipiga?

Walisikia kubofya mara mbili, tatu.

— Mzee, alisema Waya taratibu. Jina ni lake.

— Mwanetu? Mama Pindo alijishika kifua.

— Na tarehe? aliuliza mzee.

— Tarehe tatu... ya mwezi uliopita.

— Saa za mashine huchanganyikiwa! alisema Kamusi harakaharaka. Hata mahakamani mihuri ilikuwa inaruka mwaka mzima. Ni jambo la kawaida kabisa.

— Au kuna mtu kaazima jina lake, alisema Spana. Mara hii hakuwa na mzaha.

— Yote hayo nayakubali, alisema mzee. Alisema polepole, kama anayepanda ngazi na kopo la rangi mkononi. Lakini tazameni pale kulia, hicho kidoa cheupe. Palikuwa na saa ya ukutani. Alipotutoka niliiacha miezi miwili, ikisema peke yake chumbani. Nikashindwa kuvumilia, nikaitoa. Msumari ukatoka na plasta, nikaziba kwa jasi. Sikupaka rangi juu yake, kwa sababu rangi ile siiwezi tena. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo ninao mimi, na tangu siku hiyo hata mimi sijaingia.

Kamusi alifungua mdomo kutafuta methali. Akaufunga.

Waya alitokea mlangoni, mkono mmoja bado uko ndani kama anayeshikilia kitu kisimponyoke.

— Mzee, nibadilishe? Nirudishe nyasi. Ni kazi ya dakika moja. Sema tu.

Mzee Brashi aliutazama tena ukuta. Alifundishwa tangu utotoni kwamba waliokufa wako mikononi mwa Mungu, na walioko huko hawatumi picha. Hilo aliliamini akiwa benchini kama alivyoliamini makaburini. Miezi minane alikuwa anaomba kitu kimoja tu katika sala zake, apewe moyo wa kutouliza tena. Ukuta ule ukibaki, alijua atakuja kukaa mbele yake kila siku mpaka asahau hata kusali. Ukiondolewa, basi atakuwa amemfungia mtoto mlango mara ya pili, safari hii kwa kinywa chake.

— Hamjambo jamani?

Alikuwa mwanamke mgeni, kamera shingoni, mpigaji wa zile picha ndogo za vitambulisho. Alikuja kuchapishiwa picha zake, na hakuwa amesikia neno. Waliitikia salamu nusunusu. Aliinama dirishani akautazama ukuta kwa jicho la kazi yake.

— Hii nzuri, alisema. Aliyepiga anaujua mwanga.

Akainamisha kichwa upande mmoja, akakiinamisha zaidi, mpaka shavu likakaribia kugusa bega.

— Ila kapigia chini sana. Dari imeingia yote hii, na pembe ya ukuta imelala kidogo. Akawageukia, kwa upole wa mtu anayeuliza njia. Aliyepiga alikuwa amejilaza kitandani?

Mama Pindo alimtazama Spana, Spana akamtazama Kamusi, na wote wakaogopa kumtazama mzee, kwa maana wao wenyewe ndio waliomsaidia, wiki ile ya mazishi, kukitoa kitanda kile na kukipeleka kwa wasio nacho. Chumba kile hakikuwa na hata mkeka.

Mama mwenye kamera alisubiri kidogo, kisha akaona haya, akadhani amevunja adabu asiyoijua.

— Nibadilishe, mzee? Waya aliuliza tena, kwa sauti ndogo.

Mzee Brashi alisimama, akavua kofia, akaielekea ile kompyuta ya nne.

— Iache, mwanangu, alisema. Pengine bado hajainuka.