Maisha ya Bibiane Mbambu, Fundi Aliyepeleka Shati Mahakamani

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Nateete, nanyi wa Kikuubo mliofunga maduka leo kwa ajili yake, familia imeniomba mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu Bibiane Mbambu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, akamaliza shule ya msingi mwaka 1984, akajifunza ushonaji kwa masista miaka mitatu, na tangu hapo hakuiacha mashine. Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Kakule, tuliye naye hapa, wakajaliwa Darlène mwaka 1995 na Elie mwaka 1998. Vita viliwafukuza mwaka 2008, wakaingia Kampala na mabegi mawili, naye akaanza kushona sare za shule kwenye kibaraza cha duka hapa Nateete.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2019, Elie alikuwa akirudi kutoka Kikuubo na jora la kitambaa begani, akakuta polisi wakiwatimua wachuuzi karibu na soko, akageuka akimbie kama wengine, risasi ikamwangusha. Polisi walisema aliwarukia kwa kisu. Mama yake alikabidhiwa nguo zake chumba cha maiti, akalitandaza shati juu ya meza ya kazi, akalitazama kwa jicho la fundi: nyuzi za tundu la mgongoni zilikuwa zimeingia ndani, za tundu la kifuani zimetoka nje; risasi ilimpiga akiwa amewapa mgongo. Alituambia kwamba hapo machozi yalimkauka, akajua ana kazi.

Kituoni afande mmoja alimwambia, "Mama, wewe mkimbizi, wacha hii maneno, utaharibu makaratasi yako." Akamjibu, "Mkimbizi ni mimi. Aliyekufa ni mtoto, na aliyemuua mnamjua." Walipolitaka lile shati alikataa, akasema atalitoa mbele ya jaji tu.

Kesi iliahirishwa mara kumi na tisa, na mara zote alikuwepo, pamoja na wakili wetu, Amony. Rahmah, muuza mboga aliyeona yote, aliogopa kusema, basi dada alikwenda kuketi naye gengeni kila Jumatano, bila kumsukuma, mpaka Rahmah mwenyewe akasema yuko tayari. Maradhi ya figo yalimpata dada mwaka 2022, hivyo Mei 2024 alitoa ushahidi ameketi, akaeleza nyuzi zile moja moja, na wakili wa utetezi alipomuuliza yeye ni mtaalamu wa nini, akasema, "Wa nguo. Miaka thelathini na saba."

Tarehe 21 Novemba 2024 askari aliyefyatua risasi alitiwa hatiani. Dada hakushangilia, aliuliza aliyetoa amri yuko wapi.

Alifariki hospitalini Jumapili tarehe 26 Januari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Darlène, akaacha mume, binti na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka yote hiyo, majirani waliotupikia, Rahmah na wakili wetu, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha mashineni.

Kesi ya afisa aliyetoa amri itatajwa tarehe 3 Machi, saa tatu asubuhi. Darlène atakaa mbele, sisi nyuma yake, na anayetaka kuja aje.

Pumzika kwa amani, dada. Sasa ni zamu yetu kwenda mahakamani.